Jeli Nne na Shavu la Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Mimi Nsajigwa wa Ndandalo naandika mwenyewe, kwa mkono wangu, sikusaidiwa. Niliishia darasa la nne, lakini darasa la nne la zamani, siyo hili la sasa ambalo mtoto anamaliza hajui kumwandikia shangazi yake barua.

Daftari nimepewa na Raudha, mwenye duka la vipodozi Kyela mjini. Mke wangu Tusekile na wenzake wa kikundi wanataka kumuuzia jeli ya kupaka usoni. Ni ya wale ambao ngozi imeanza kuzeeka lakini bado inatoa mafuta. Raudha anasema hao wakipaka mafuta ya mgando uso unachuruzika, wakiacha kupaka unakunjamana, kwa hiyo wanataka kitu chepesi cha majimaji. Akina mama wametengeneza jeli nne: ya mshubiri, ya bamia, ya maji ya mchele, na ya ute wa kakao. Hawajui ipi ni bora. Wakatafuta uso uliozeeka na wenye mafuta wa kujaribia. Wakatazamana wao kwa wao, halafu wote wakanigeukia mimi.

Sishangai. Uso wangu unajulikana mpaka Matema. Ujanani wasichana walijitazamia humu. Tusekile anasema siku hizi unaweza kukaangia usipa, dagaa wa ziwani.

Raudha aliniagiza ninyoe ndevu, nilizokuwa nimefuga tangu mwaka jana. Nimenyoa. Kisha akasema, "Mzee wangu, asubuhi unapaka jeli moja kulia, nyingine kushoto. Saa sita unabandika karatasi ya kaki kila shavu, uone wapi pametoa mafuta zaidi. Na uandike unachosikia, siyo unachotaka kusikia."

Nikamwambia mimi sijadanganya tangu nibatizwe.

Jumanne, 4 Machi

Leo maji matupu, Raudha alisema siku ya kwanza nisipake kitu. Maji ya mtungini yalikuwa baridi sana. Shavu la kulia lilishtuka. Kushoto kimya. Karatasi ya kulia imeloa mafuta, ya kushoto kavu.

Jumatano, 5 Machi

Kulia mshubiri, kushoto mchele. Mshubiri una ubaridi mtamu, kama kulala juu ya jani la mgomba lenye umande. Mchele sikuusikia kabisa. Lakini karatasi ya mchele imetoka kavu! Nimewaambia akina mama, mchele wa Kyela unatafutwa mpaka Dar es Salaam, mlidhani utashindwa na mshubiri?

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Kama jana.

Ijumaa, 7 Machi

Kisa alinikuta kwenye njia ya migombani, uso wangu unameremeta kwa jeli. Akageuka, akajifunika khanga, akaingia kwenye matope mpaka magoti ili anipishe.

Kisa ni mke wa mwanangu Amon. Amon yuko Mbeya anajenga nyumba za watu, Kisa ni muuguzi wa zahanati yetu, tunaishi naye hapa nyumbani. Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hataji jina lake, hazungumzi naye. Ndiyo heshima. Majirani wengi wamelegeza, wanasema ni mambo ya zamani. Mimi nimekataa. Huu ni mwaka wa sita Kisa hajui pua yangu imeelekea wapi. Hata mchungaji alijaribu kunishauri, nikamwambia, wewe chunga kondoo, nyumba yangu naichunga mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Nimebadilisha upande. Mchele kulia, mshubiri kushoto.

Leo mchele umekuwa baridi, na karatasi yake imeloa. Mshubiri umekuwa kimya, karatasi yake kavu.

Nilikaa muda mrefu na vile vipande viwili vya karatasi mkononi. Tusekile akauliza, "Nani ameshinda?" Nikamwambia mvua imeharibu karatasi.

Jumanne, 11 Machi

Bamia kushoto. Kimya. Kavu.

Jumatano, 12 Machi

Sitaki kuandika ya leo lakini naandika.

Ilikuwa zamu ya kakao. Wanapasua tunda, wanachukua ule ute mweupe unaofunika mbegu, wanaukamua kwenye kitambaa safi. Ni mtamu. Nilipaka mashavu yote mawili, nikakaa barazani nikasinzia kidogo. Tusekile akatoka jikoni na ungo wa mchele, akaudondosha.

"Baba Amon! Sisimizi!"

"Wapi?"

"Shavuni! Wanakula uso wako wewe umekaa tu!"

Wa kulia nilikuwa nimewasikia, nikawa nawapangusa kwa usingizi. Wa kushoto Tusekile aliwatoa kwa kucha, mmoja mmoja, vichwa vimezama kwenye ngozi. Sikusikia hata mmoja. Nikasema, "Mwanaume wa Ndandalo haumwi na sisimizi." Nilicheka. Mikono nikaikalia.

Halafu akanisogeza kwenye mwanga. "Na weupe huu ni wa nini? Mwe! Baba Amon, ngozi imebabuka. Kakao imekuchoma!"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa pale pale, mbele yangu. Nikasema, "Labda ni jeli."

Alhamisi, 13 Machi

Daftari haliwezi kukimbia, nitaliambia.

Doa nililiona wakati wa mavuno ya mwaka jana, nilipokuwa nanyoa. Dogo kama jani la mkunde, lina weupe hafifu. Nikasema ni jua. Nikasema ni uzee. Nikafuga ndevu.

Baba yangu mdogo Ambilikile alianza na doa. Nilikuwa na miaka kama tisa. Baadaye vidole vikakunjika kama makucha ya kuku aliyechinjwa. Wazee wakamjengea kibanda ng'ambo ya mto, na mimi ndiye niliyekuwa napeleka chakula. Chakula kinawekwa kwenye jani la mgomba ili chombo kisirudi. Unaweka jani juu ya jiwe, unapiga mluzi, unakimbia. Yeye anatoka ukishafika mbali.

Siku moja nilimkuta ameshatoka, amekaa kando ya jiwe. Akasema, "Nsajigwa, ugonile?" Alinisalimia tu kama watu wanavyosalimiana. Sikuitika. Nililitupa jani, ndizi zikamwagika kwenye matope, nikakimbia. Nilipogeuka nilimwona anazikusanya kwa viganja viwili, kwa sababu vidole vilikuwa havishiki.

Sikupeleka tena. Nilisema naumwa tumbo. Alipokufa walichoma kibanda.

Sijamwambia mtu jambo hili. Hata Tusekile.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kanisani. Nilisema goti.

Ijumaa, 21 Machi

Felista, mwenyekiti wa kikundi, alikuja kwenye mvua na mwavuli uliovunjika ubavu.

"Mama Amon, umemchoma mumeo uso, tukawachome na wateja wa watu? Raudha atatupeleka polisi!"

"Sijui nimekosea wapi," Tusekile alisema. "Nilichuja mara mbili. Mshubiri niliuacha utoke yale maji ya njano yote. Niliosha mikono."

"Mikono yako siku zote ina haraka."

Walitoa makopo yote, yale aliyoyafunga nyuzi za rangi kwa sababu hajui kusoma, nyekundu kakao, kijani bamia, nyeupe mchele, nyeusi mshubiri. Wakamwaga nyuma ya jiko. Ute uliteremka pamoja na maji ya mvua mpaka kwenye magimbi. Mimi nilikuwa dirishani. Mimi ambaye nilisimama mbele ya mkutano wa kijiji nikamkatalia ofisa wa serikali mbele ya watu wote. Sikufungua mdomo.

Jumatatu, 24 Machi

Maria alikuja kukaa mapajani. Ni mtoto wa Kisa na Amon, ana miaka minne, kila jioni anahesabu mikunjo ya paji langu, akifika sita anarudia moja. Nilimsukuma. Siyo kwa nguvu. Akanitazama, akasema, "Babu umekasirika?" Nikasema ndiyo.

Kuanzia leo nakula peke yangu, kule kwenye migomba. Nimekata jani. Nimewaambia wali unanoga zaidi kwenye jani.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua. Mto umepanda. Jani.

Jumatano, 2 Aprili

Nimejichoma kwa mwiba wa ndimu. Kulia machozi yalinitoka. Kushoto niliona damu kwenye kioo, ndipo nikajua mwiba umeingia.

Jumatano, 9 Aprili

Siku nne sikuandika kwa sababu daftari halikuwepo. Nilikuwa shambani naamia ndege wasile mpunga, kurudi nikainua godoro, hakuna. Nililifumua godoro. Nilimtukana kuku. Leo nimelikuta mahali pale pale, limenyooshwa kona zilizokuwa zimekunjika.

Mtu amelisoma. Hapa nyumbani anayejua kusoma, ukiniondoa mimi, ni mmoja tu.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilikuwa barazani nachonga mpini wa jembe. Kisa alikuwa jikoni, kati yetu ukuta wa mianzi. Akitaka kuniambia jambo humtuma Maria. Maria ndiye posta yetu.

"Maria, mwambie babu, daftari nimelisoma."

Maria akaja mbio. "Babu, mama kasoma daftari."

"Mwambie mama yako daftari siyo lake."

"Mama, siyo lako!"

"Mwambie babu, bibi ndiye aliyeniletea. Anataka kujua jeli ipi ilichoma, akaombe radhi kwa Raudha. Mwambie nimeitafuta sijaiona."

Posta ilifika na nusu ya barua. "Babu, mama ametafuta hajaiona."

"Hajaona nini?"

"Sijui. Nikamuulize?"

Siku nyingine ningecheka mpaka nishike mbavu. Nikasikia Kisa anasema, "Maria, kamwite bibi yako bustanini, nenda." Mtoto akaondoka. Ikabaki mvua tu juu ya bati. Halafu sauti ikapita kwenye mianzi, ikanijia mimi moja kwa moja. Miaka sita sikuwahi kuisikia ikinijia.

"Baba. Tarehe nne ulinawa maji matupu. Ulikuwa hujapaka kitu. Umeandika, kushoto kimya."

Nilishika mpini.

"Mchele kushoto kimya. Mshubiri kushoto kimya. Bamia kimya, na kila mara pakavu. Baba, jeli nne haziwezi kukosea mahali pamoja."

"Mkamwana hazungumzi na mkwe wake."

"Ndiyo, baba."

"Wewe ni mtoto wa juzi."

"Ndiyo, baba. Lakini mama anasema amekuharibu uso. Kila akipepeta mchele analia, anadhani hatumsikii."

Niliona aibu mpaka masikioni, na hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu. Nikauliza kwa sauti ambayo sikuijua, "Ni ule ugonjwa?"

"Sijui. Sijauona uso wako."

"Umesoma habari za baba mdogo."

"Nimesoma."

"Basi mtanijengea wapi?"

"Hakuna kujenga, baba. Kama ndio wenyewe, kuna vidonge. Ni bure. Mtu anameza akiwa kwake, anakula na watu wake."

"Unasema hivyo ili nije."

Akasema, "Mimi pia naandika ninachokiona, baba, siyo ninachotaka. Lakini kwanza nikione."

Jumanne, 15 Aprili

Sikwenda. Nilisema barabara imejaa maji. Imejaa kweli, lakini nimewahi kuvuka mabaya zaidi nikiwa na gunia la mpunga kichwani.

Jumatano, 16 Aprili

Ukoma. Nimeliandika. Nilidhani kalamu itavunjika.

Asubuhi nilimwita Tusekile, akaja anafuta mikono. Nikasema, "Mama Amon, siyo jeli yako. Doa lilikuwepo tangu mavuno. Nilikuwa najua."

Alisimama kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Kisha akachukua kata ya maji akanimwagia yote kichwani.

"Mwe, baba Amon! Wiki tano nimelia! Felista ananipita kanisani kama gogo! Nimemwaga jeli ya akina mama, wewe dirishani unaangalia!"

"Niliogopa."

Sijawahi kumwambia mke wangu neno hilo, na tumekaa miaka arobaini na moja. Akanitazama shavu, muda mrefu. Akasema, "Vaa viatu."

Alinitukana mpaka darajani. Darajani maji yalikuwa yanapita juu ya mbao, mekundu, yanabeba magogo na migomba mizima. Nikasimama. Ng'ambo ile ile kilikuwepo kibanda, sasa ni magugu tu. Tusekile akaacha kutukana akanishika mkono. Nikautoa, nikasema usiniguse. Akaushika tena, kwa nguvu ya mtu anayekamata mbuzi, tukavuka.

Zahanati ilikuwa na akina mama wa kliniki ya watoto wamejaa kwenye benchi. Kisa alinitazama miguu, akajua viatu, akafungua chumba cha ndani. Tukaingia. Alikaa ameelekea ukutani, akafungua rejista. Kalamu ikafika mahali pa jina, ikasimama. Ana miaka sita hajalitaja jina langu, na kuliandika ni ndugu ya kulitaja. Nikaona nyuma ya shingo yake inatoka jasho.

Nikasema mwenyewe, kwa nguvu, mpaka benchi la nje likanyamaza, "Nsajigwa! Andika Nsajigwa!"

Akaandika.

"Mwanangu," nikasema, "nimelegeza. Geuka uniangalie."

Hakugeuka mara moja. Tusekile akamwambia, "Geuka, mama. Ameng'ang'ania miaka sita, usimpe muda wa kubadili mawazo."

Akageuka. Sikujua nifanye nini na uso wangu. Akasema, "Baba, fumba macho. Nitakugusa kwa pamba. Ukisikia, onyesha mahali kwa kidole."

Nilishukuru kufumba. Aligusa shavu la kulia, nikaonyesha. Paji la uso, nikaonyesha. Kidevu, nikaonyesha, na nikaanza kuringa kidogo moyoni, nikasema unaona, sikosei. Halafu nikasubiri. Nilisikia mtoto analia nje, nikasikia mvua inaanza upya. Nikadhani Kisa amekwenda dirishani.

"Unangoja nini?" nikauliza.

"Nimeshagusa mara tatu, baba," alisema polepole.

Alhamisi, 17 Aprili

Mratibu wa ukoma wa wilaya alikuja kwa pikipiki, matope mpaka kwenye kofia. Akaangalia doa, akabonyeza mishipa ya shingo na viwiko, akanikunja vidole. Amesema ndio wenyewe. Amesema tumewahi, vidole vyangu vizima na jicho linafumba vizuri. Pakiti ya kwanza nimemeza mbele ya Kisa. Nyumba nzima wamekaguliwa. Maria nilimtazama anavuliwa gauni, anageuzwa huku na huku, na katika maisha yangu sijawahi kuomba kama nilivyoomba pale, na nilikuwa naomba kwa Kinyakyusa maana Kiswahili kilikuwa kimenikimbia. Hana doa. Tusekile hana. Kisa hana. Amon atakaguliwa Mbeya. Wamepewa dawa ya kinga.

Ijumaa, 18 Aprili

Asubuhi mkojo ulikuwa mwekundu. Nikajua nakufa, nikaita watu. Tusekile akaja akasema, "Kisa aliniambia nikuonye, dawa inafanya hivyo. Yeye aliona haya kukuambia." Na mimi nikaona haya. Tumelegeza, lakini siyo mpaka huko.

Jumapili, 27 Aprili

Nilikata jani la kulia chakula. Kisa akalichukua mkononi mwangu, akawapa mbuzi. Akaleta sahani, ile yangu yenye ua. Nilikula. Maria alichovya kwenye mchuzi wangu. Nilimtazama Kisa, Kisa akaitikia kwa kichwa kwamba sawa.

Usiku wote wa kuamkia leo nilikuwa nimemuota baba mdogo. Sasa najua kwamba alikuwa anataka tu kuitikiwa.

Alhamisi, 15 Mei

Pakiti ya pili. Mvua zimepungua.

Jumatatu, 2 Juni

Tumeanza kuvuna mpunga. Raudha nilimpelekea daftari lote, sikuchana ukurasa. Nilisimama dukani kwake anasoma, na nilijitayarisha kuambiwa nisiguse meza. Alisoma akarudi nyuma, akasoma tena.

"Mzee, mdomo wako ulidanganya," alisema, "lakini daftari halikudanganya. Naomba shavu la kulia tu ndilo tulihesabu."

Basi kwa shavu la kulia tu, na jeli mpya walizotengeneza akina mama, majibu ni haya. Mshubiri umekuwa wa kwanza: baridi, unakauka bila kunata, mafuta ya saa sita ni kidogo. Bamia imekuwa ya pili, ila inavuta ngozi kama mtu amekushika sikio. Mchele unaacha unga unaopukutika, utadhani nimetoka mashineni. Nimeumia kuandika hivyo lakini ndivyo. Kakao waachiwe sisimizi. Felista amemwomba Tusekile radhi mbele ya kikundi, na mimi nimewaomba wote, nikasimama, nikavua kofia. Raudha atachukua ya mshubiri, makopo machache machache maana isipokaa kwenye friji inaharibika upesi.

Mimi bado naogopa. Kila asubuhi nahesabu vidole kabla ya kutoka kitandani. Miezi iliyobaki ni mingi.

Kulia najipaka mwenyewe. Kushoto sijui kama imeenea au imerundikana, naweza kupaka hewa nisijue, kwa hiyo kushoto ananipaka Kisa kabla hajaenda kazini. Bado anajifunika khanga kwanza. Anapaka, anaangalia, anaeneza. Na kila siku anauliza swali moja.

"Baridi, baba?"

Leo alikuwa ameosha mikono kwa maji ya mtungini. Nilisubiri. Nilisikiliza shavu langu kama mtu anayesikiliza mlango. Nilitamani sana kumwambia ndiyo, nimuone anafurahi.

Nikamwambia, "Bado."